Tanki la Mwalimu Dastani

Msiniletee habari za kusimuliwa, mimi nilikuwepo. Septemba, mwaka tisini na tano, katika shule moja ya sekondari Newala, nimepanda ngazi naziba ufa wa tanki la maji ya mvua, dirisha la kidato cha pili liko usoni pangu. Fundi mwingine angeanguka.

Mwalimu Dastani alimnasa Stamili na wokimani, kile kiredio cha kaseti cha kuvaa masikioni. Soko huria lilikuwa limevimwaga hadi gulioni kwetu. Mwalimu Ethel akivikamata, huvirudisha Ijumaa. Dastani huvitosa majini.

"Naomba, mwalimu," Stamili alinong'ona. "Ni ya marehemu kaka. Alikuwa na jini, na jini kabaki humo. Nyumbani hatuigusi mpaka tuweke unga chini ya mti, tumwombe."

"Jini huyo anakula betri ngapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akakitupa tankini kupitia dirishani, tanki hilohilo la kunywesha watu mia mbili, na kuteremka bondeni kwenye maji mengine ni nusu siku.

Kesho yake bomba likakohoa. Maji yakatoka mazito kama kamasi, yananuka usaha wa sikio. Aliyekunywa akatema nywele. Siku ya tatu, mchana kweupe, tukasikia mtu anaimba kwa sauti ya chini mle tankini, na sauti ile ikahamia masikioni mwa Dastani, nta ikaanza kumchuruzika, ya njano, kisha nyeusi, ikashuka shingoni hadi kwenye kola, na ndani ya nta vidudu vyeupe vikijipinda kufuata wimbo, hata Mwalimu Ethel, aliyekuwa akimfuta kwa kanga yake, akatapika juu ya madaftari.

Mganga Swalehe alipoletwa kutoka Chiwata, hakukaa hata kitini.

"Chukua unga, mpigie goti binti, mwombe radhi mbele ya wenzake. Ukikataa, maji haya ni ya jini."

"Mimi? Kwa mwanafunzi?"

"Basi oza, mwalimu."

Dastani akapiga goti. Akamwaga unga, akasema, "Stamili, mwanangu, nisamehe." Kitu kinene kama ruba aliyeshiba kikateleza kutoka sikioni, kikanyauka juani, na bomba likatoa maji safi.

Haya, basi, msinikodolee macho. Hapo pa goti hadi pa maji safi nimepatunga mimi. Mmeona wapi mwalimu akampigia mwanafunzi goti? Alijaza pamba masikioni, akaingia darasani, akaandika tarehe ubaoni. Mengine yote ni kweli tupu, na maji yale mazito tuliyanywa hadi mvua za Desemba.