Mgeni wa Unyayoni

Siku ya kwanza Mwanahamisi alidhani ni kokoto. Alivua gambuti la kushoto, akalikung'uta, hakikutoka kitu. Alipolivaa tena, sindano zikamchoma unyayo mzima. Ndiyo miaka ile mitumba ilipoanza kujaa soko la Lushoto, tukiiita kafa Ulaya. Sasa mwenye gambuti hilo la mtumba alikufa na nini, nani alimuuliza?

Nesi Secilia alimpima mkojo, akamwambia ni sukari, imeharibu mishipa ya fahamu. Akampa vidonge. Akamwonya asitembee peku, akague nyayo zake kila siku, na baridi ikaze vipi, asiote moto kwa miguu. Mumewe, Sharifu, baba yake Shamsa, alicheka. Mtu wa milimani usiote moto mwezi wa saba, utaishije?

Kicheko kilimwisha. Mkewe alikuwa akilia mchana kweupe kwamba kuna mtu anamtafuna mguu kwa ndani, shuka likimgusa anaruka. Wiki tatu hakuweza kushuka bondeni kwenye kabichi zake. Alilala akisikiliza ukungu ukidondoka kutoka kwenye bati, na pale mlangoni gambuti likikwaruza sakafu, kwaru, kwaru, na kila alipoinua kichwa lilikuwa limesogea kidogo kuja kitandani. Aliogopa kwamba hatatembea tena.

Sharifu akamleta mganga Mbaraka. Mzee alisema jini amekuja na gambuti, akalichoma uani, akafunga mlango na dirisha, akaagiza mguu wa kushoto uwekwe juu ya makaa ya ubani mpaka jini aombe njia. Mwanahamisi alianza kutaja maneno ya nesi, lakini mumewe alikuwa amemshika mabega, moshi umejaa chumba, na mguu ulikwisha kushushwa.

"Unasikia moto?" Mbaraka alinong'ona.

"Sisikii, mzee."

"Na maumivu?"

Machozi ya furaha yakamtoka. "Hakuna. Hakuna kabisa."

"Basi ametoka."

Sharifu alimshukuru Mungu kwa sauti. Kulikuwa na harufu ya nyama ya kuchoma, akafikiri jirani amechinja, akafungua dirisha atazame. Nje ukungu mtupu, hakuna jiko hata moja linalotoa moshi. Harufu ilikuwa nyuma yake.

Aligeuka. Mkewe bado alikuwa anatabasamu, unyayo juu ya makaa, vidole viwili vimekuwa vyeusi. Kisha tabasamu likamtoka taratibu.

"Baba Shamsa," alisema, "amehamia mguu wa kulia."