Bomba la Orest

Mume wangu Orest ni mtu wa kusuuza mara moja. Akimaliza kupulizia dawa, anapitisha maji kwenye tangi la bomba lake la trekta, basi, kaenda zake. Nimesema mpaka nimechoka.

Juni ile alipulizia dawa ya magugu kwenye ngano. Kesho yake akatia dawa ya magugu ya kanola, zao letu la mbegu za mafuta, katika tangi lilelile, akaingia shamba la magharibi. Baada ya siku nane kanola ilikuwa imedumaa, majani yamegeuka zambarau.

"Ni baridi," akasema, huku anakula pierogi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani.

"Baridi gani inayofuata njia ya trekta?"

Akachukua pierogi nyingine. Lilibaki shamba la mashariki. Magugu yalikuwa yanaisonga kanola, na ikishakua sana hairuhusiwi kupuliziwa. Likiharibika na hilo, mwaka ule hatuvuni kanola kabisa. Na bwana huyu alikuwa anataka kujaza tangi.

Nikampigia simu Shauna, jirani yetu, mtaalamu wa mazao. Akaja, akapita shamba la magharibi.

"Orest, ulianzia wapi?"

"Hapa langoni."

"Na hapa ndipo palipoungua zaidi. Kule mwisho pana nafuu. Kabla ya hapo ulipulizia nini?"

"Dawa ya ngano. Lakini nilisuuza, maji yakatoka meupe."

"Meupe si safi, mzee. Dawa ile huua kanola, na inang'ang'ania ndani ya mipira ya bomba na machujio. Maji matupu hayaitoi. Inayoing'oa ni dawa ya kanola, kama sabuni. Umeoshea bomba lako shambani."

Nilitaka kucheka, hasira zikanizuia. Miaka ishirini na sita namwambia mtu huyu asome kibandiko cha dawa!

Shauna akamsomea. Vaa glavu. Suuza tangi. Jaza maji na amonia ya kusafishia, yapite kwenye mipira yote, yakae humo kwa muda ulioandikwa. Ng'oa machujio, uyaoshe pembeni. Fungua vifuniko vya mwisho wa mabomba marefu ya kupulizia. Suuza tena. Maji machafu yasimwagwe karibu na kisima.

"Hiyo ni nusu siku," Orest akalalamika. "Na kesho mvua."

"Nusu siku au shamba zima. Chagua."

Akafungua kifuniko cha kwanza. Likadondoka tope zito la njano.

"Hili limekaa humu tangu lini?"

"Tangu uanze kusema umesafisha," nikamjibu.

Alasiri akapulizia. Magugu yakanyauka, kanola ikasimama.

Julai shamba la mashariki lilichanua lote. La magharibi lilibaki na upara langoni, mbele ya barabara. Jirani yetu Bohdan akasimamisha gari.

"Kumetokea nini hapa?"

Nikakunja mikono, nangojea uongo.

"Uvivu wangu," Orest akasema. "Mabomba yako yana vifuniko mwishoni. Umewahi kuvifungua?"

Bohdan akajikuna shingo. "Kwani vinafunguka?"

Orest akaenda kuchukua spana.