Zamu ya Jumatatu

Kila asubuhi fundi viatu aliwasha jiko kabla hajanawa uso. Alibandika sufuria mbili. Moja ilikuwa ya uji wa mkewe, nyingine ya maji ya kumwogeshea. Zamani aliyewasha jiko alikuwa mkewe. Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu apatwe na kiharusi, na kila kitu kilikuwa mikononi mwa fundi.

Mkewe alikuwa mwimbaji wa kwaya. Kanisani walimwita Mama Sauti. Kiharusi kilipoozesha mkono na mguu wake wa kulia, kikamnyang'anya na maneno. Lilibaki moja tu: "Sawa." Akiwa na kiu alisema sawa. Akiumia alisema sawa. Fundi alijifunza kumtazama macho, si mdomo.

Walikuwa na binti mmoja. Alikuwa ameolewa mbali, tena ana mtoto mchanga. Alipopiga simu, baba yake alimwambia, "Tuko salama, mwanangu. Wewe lea mtoto."

Hawakuwa salama. Fundi alikuwa na kibanda mbele ya nyumba. Alishona soli, akakimbia ndani. Akarudi, akapiga msumari mmoja, akakimbia ndani tena. Wateja walianza kumtania.

"Fundi, kiatu changu kimelazwa hospitali gani? Niende kukiona."

Fundi alicheka kidogo, akainama.

Kila Jumatano watu wa jumuiya yao ya kanisa walikuja. Walikaa sebuleni, wakaimba, wakaomba. Kisha wakauliza hali ya mgonjwa.

"Amelala," fundi alijibu kila mara. "Anaendelea vizuri."

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa, na fundi alikuwa na sababu. Mgongoni mwa mkewe, chini kabisa karibu na makalio, palikuwa na kidonda. Kilianza kama doa jeusi. Ngozi ikachubuka. Fundi akapaka poda ya watoto. Kidonda kikachimba ndani, kikaanza kutoa harufu.

Mama Sauti alikuwa mwanamke aliyepiga pasi hata vitambaa vya jikoni. Fundi aliapa moyoni kwamba hakuna mtu atakayemwona katika hali ile. Hata mashuka aliyaanika ndani, juu ya viti, ili majirani wasije wakauliza.

Jumatano moja, wageni walipokuwa katikati ya wimbo, kishindo kilisikika chumbani. Fundi alikimbia. Mkewe alikuwa ameteleza kutoka kitandani, yuko sakafuni. Alimshika kwapani ili amwinue. Kiuno chake kikakataa. Alianguka magoti, mkewe kifuani, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma.

"Nisaidieni," alisema. Neno hilo hakuwa amelitamka kwa miezi mitano.

Wa kwanza kuingia alikuwa muuguzi mstaafu. Watu bado walimwita Nesi, ingawa alikuwa ameacha kazi siku nyingi. Nyuma yake aliingia mwoka mikate. Nesi aliisikia harufu, lakini hakuziba pua. Alipiga magoti.

"Mama Sauti, ni mimi. Tunakuinua sasa. Usiogope."

"Sawa," mgonjwa alisema, na machozi yakamtoka.

Walimlaza kitandani. Nesi alikitazama kidonda. Kisha akamfuata fundi sebuleni.

"Mmeona sasa," fundi alisema. "Nendeni mkaseme."

"Tukaseme nini, kaka yangu? Kwamba umembeba peke yako miezi mitano?" Nesi alikaa karibu naye. "Umekosea kuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini sisi tumekosea zaidi. Tumekuja kila wiki, tukaomba, tukaenda zetu. Hakuna hata mmoja aliyeomba kumwona dada yetu."

Mwoka mikate aliangalia chini.

"Nilidhani simwogeshi vizuri," fundi alisema. "Nikazidi kumsugua."

"Hapana. Kidonda hiki hakikuletwa na uchafu. Kimeletwa na uzito. Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, mwili unaibana ngozi. Damu haipiti vizuri, na ngozi inakufa kidogo kidogo. Wewe na mimi tukichoka tunajigeuza. Yeye hawezi. Lazima ageuzwe."

"Na poda?"

"Acha poda. Acha na kusugua. Kidonda kimeenda ndani na kinanuka, kwa hiyo kesho tunampeleka zahanati kikasafishwe. Nyumbani, mgeuze kila baada ya saa mbili. Kushoto, kisha kulia. Asilalie kidonda. Weka mto katikati ya magoti. Weka mwingine chini ya miguu, visigino visiguse godoro. Usimburute, maana kuburuta kunachuna ngozi. Watu wawili washike shuka alilolalia, wamwinue. Shuka likilowa, libadilishwe hapo hapo. Na ale vizuri: mayai, maharage, maziwa. Kidonda hakijengwi kwa uji mtupu."

Fundi alisikiliza. Kisha akasema polepole, "Kila saa mbili. Watu wawili. Nesi, mimi ni mmoja."

"Ndiyo maana tunaongea," Nesi alisema.

Siku hiyo hawakuimba tena. Mwoka mikate aliomba kalamu, akaandika zamu kwenye kipande cha boksi la viatu. Wanawake wangemwogesha na kufua. Wengine wangesaidia kumgeuza, fundi naye afanye kazi na alale. Jumatatu ilikuwa ya mwoka mikate na mkewe.

"Mimi nimegeuza unga miaka ishirini," alisema. "Hii itanishinda?"

"Unga haulii ukiuvuta vibaya," Nesi alimjibu. "Njoo nikufundishe."

Si kila kitu kilikwenda sawasawa. Wapo waliosahau zamu zao. Mama mmoja alikuja kupiga soga zaidi ya kufua. Hata hivyo, Mama Sauti aligeuzwa mchana na usiku. Zahanati walikisafisha kidonda, wakawaonyesha namna ya kukifunga. Mwezi wa kwanza harufu iliisha. Mwezi wa nne kidonda kilifunga.

Jumamosi moja wanakwaya walikuja kufanya mazoezi chumbani kwake. Katikati ya wimbo fundi, akiwa kibandani, alisikia sauti aliyoijua. Alitupa nyundo, akaingia. Mkewe alikuwa anaimba. Mdomo ulikuwa umepinda, lakini maneno yalitoka, mstari mzima.

"Hutokea," Nesi alimnong'oneza. "Wengine kusema kunapotea, kuimba kunabaki."

Fundi aliegemea ukuta mpaka wimbo ukaisha.

Majuma sita baadaye kiharusi kilirudi. Mama Sauti aliaga dunia asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Binti alikuja, akalia sana kwamba alifichwa hali ya mama yake. Baba yake alimwomba msamaha. Wanawake waliomwosha marehemu walitoka chumbani, na mmoja akamwambia fundi, "Hana kidonda hata kimoja." Fundi aliitikia kwa kichwa.

Mazishi yakapita. Binti akarudi kwake. Jumatatu asubuhi fundi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu. Mlango ukagongwa. Alikuwa mwoka mikate, unga ukiwa bado kwenye nyusi.

"Umesahau," fundi alisema. "Hayupo tena."

"Sijasahau. Leo ni Jumatatu. Ni zamu yangu."

Aliingia, akachemsha chai, akaosha vikombe. Kisha akakaa. Fundi alianza kumsimulia jinsi mkewe alivyokuja kibandani mara ya kwanza na ndala iliyokatika, na jinsi yeye fundi alivyochelewa kuishona makusudi ili mwanamke huyo arudi tena. Katikati ya maneno alilia, kilio ambacho hakukilia makaburini. Mwoka mikate hakumwambia ajikaze. Alikaa naye mpaka chai ikapoa.

Jumanne alikuja mwingine. Hivyo hivyo, mwezi mzima.

Fundi bado ana siku mbaya. Jumapili kwaya inaposimama, yeye hutazama sakafu. Lakini kila Alhamisi hufunga kibanda mapema, akaenda nyumba iliyo nyuma ya shule. Huko kuna mzee asiyeweza kuinuka, na mke wa mwanawe alikuwa anamhudumia peke yake. Fundi hushika ncha moja ya shuka, yule mama hushika nyingine.

"Taratibu, mwanangu," humwambia. "Tunainua, hatuburuti."