Vidole Vinne vya Meneja

Kila siku nikirudi kutoka shuleni nilinawa mikono, nikaenda kuripoti kwa Meneja. Huyo ni mdogo wangu wa miaka saba. Tulimbandika jina hilo kwa sababu alitoa amri kutoka kitandani: dirisha lifunguliwe, mto usogezwe, baba apunguze kukoroma. Ugonjwa wake haukuwa na tiba, na nyumbani sote tulijua.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Mama alishinda kwenye cherehani, hivyo nesi wa tiba shufaa, anayepita majumbani kuwapunguzia wagonjwa maumivu na kuzisaidia familia zao, alinikabidhi mimi. Nilimuuliza Meneja maumivu yake ni vidole vingapi. Kimoja ni maumivu madogo, vitano hayavumiliki. Nikaandika. Kila Jumanne nesi alisoma, akaamua dozi ya dawa ya maji; vikifika vinne kabla ya hapo, mama ampigie simu siku hiyo hiyo.

Alhamisi moja nilimsikia jirani muuza mkaa akimnong'oneza mteja kwamba ile ni dawa ya kuagia. Ikiongezwa tu, mtoto hana siku. Maneno hayo yaliniganda moyoni. Ijumaa Meneja aliponyoosha vidole vinne, niliandika viwili. Jumamosi vinne tena, nikaandika viwili. Nilijiambia kuwa namlinda.

Meneja aliacha kutoa amri. Aligeukia ukutani, akauma kona ya shuka. Mama alitazama daftari, akashindwa kuelewa kwa nini mtoto wa vidole viwili analia hivyo, mwishowe akajilaumu kwamba hajui kumlaza vizuri. Nilimsikia, na bado Jumapili na Jumatatu niliandika viwili. Niliona aibu hata kumtazama usoni.

Jumanne nesi alisoma kwa sauti: viwili, viwili, viwili, viwili. Akasema dozi ibaki ile ile. Meneja aligeuka taratibu.

"Dada," aliniuliza, "kwani hujui kuhesabu? Mimi nilikuonyesha vinne."

Hakuwa amekasirika. Alidhani nimekosea hesabu, na hilo liliniumiza kuliko kuchapwa. Nililia, nikaeleza yote mbele yao, pamoja na maneno ya jirani. Mama alijishika kichwa, kisha akanivuta kifuani.

Nesi hakunikaripia. Alimpigia daktari simu kwanza, akapima dozi mpya, akamnywesha mgonjwa. Baada ya muda Meneja aliachia shuka, akaagiza cherehani inyamaze apate kulala. Sijawahi kufurahia kuamrishwa namna ile.

Ndipo nesi aliponiita tukae barazani.

"Dawa hii haimwitii mtu kifo," alisema. "Inaondoa maumivu, basi. Ugonjwa wa mdogo wako siwezi kuuponya, na sitakudanganya. Ninachoweza ni kuhakikisha siku zake hazimuumi."

Nilimwambia niliogopa atakufa.

"Najua. Hata mama yako anaogopa. Ndiyo maana nikija hapa siji kwa Meneja peke yake. Nakuja kwenu nyote. Hofu ukiificha, itakutuma mabaya. Wiki ijayo nitakuuliza na wewe unaendeleaje, na unijibu kweli."

Niliitikia. Nesi alisimama, akavaa mkoba wake.

"Mwanangu, kuuliza kungekuumiza dakika moja," alisema. "Uongo wako umemuumiza mdogo wako siku tano."