Bi Safina Anakaribisha Wageni

Jumanne, tarehe 20 Mei 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mtaa wa Chuno mpaka nyumba ya jirani haikuonekana. Hakukuwa na upepo. Majani ya mpapai uani hayakutikisika hata kidogo.

Yasmini aliswali alfajiri, akajilaza kidogo. Saa moja na nusu akawasha moto, akabandika chai. Kisha akaanza kufagia. Alifagia ukumbi na uani, lakini mlango wa chumba cha mama yake aliupita tu. Bi Safina alikuwa amefariki siku thelathini na tano zilizopita. Katika ukoo wao, vitu vya marehemu haviguswi mpaka arobaini. Kanga zake zilikuwa palepale. Viatu vyake vilikuwa palepale.

Simu yake pia ilikuwa palepale, kwenye chaja. Twahiru, kaka yake Yasmini, ndiye aliyetaka iwe hivyo.

"Ndugu wa mbali watapiga kutoa pole," alisema siku ya msiba. "Iite tu, hata isipopokelewa; tukiizima, watadhani tumewakataa." Akaiwekea bando la miezi miwili, akafunga chumba kwa ufunguo.

Chai ilikuwa haijachemka. Mtu akabisha.

"Hodi! Hodi hapa!"

Yasmini alifungua mlango wa kijani. Mwanamke amesimama ndani ya ukungu, kanga imelowa umande. Mgongoni amembeba mtoto wa kike wa miaka mitano hivi.

"Karibu, dada."

"Ahsante. Naitwa Zawadi, nimekuja kwa bodaboda kutoka kijiji cha Msimbati. Nimemfuata Bi Safina."

Yasmini aliuliza: "Bi Safina yupi?"

"Wa kundi la WhatsApp la wazazi wenye watoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu. Ameniambia nyumba yake ni hii, mlango wa kijani."

"Amekuambia lini?"

"Leo alfajiri."

Ufagio ulimponyoka Yasmini.

Zawadi alitoa simu. "Tazama, hii ni ya mume wangu. Jana asubuhi nilimwandikia kwa simu yangu, akanijibu papo hapo, hata sijaiweka chini. Akasema ningoje. Nikamweleza homa ya mtoto, nikangoja kutwa nzima. Kimya. Leo nikajaribu kwa hii. Akajibu tena papo hapo."

Yasmini alisoma. Juu ilikuwepo picha ya mama yake, anacheka. Chini yake maneno:

"Karibu mwanangu. Mimi Bi Safina. Nipo, ninakusoma. Niambie mtoto anasumbuliwa na nini, kisha ngoja hapo hapo nikujibu. Nyumba yangu iko Chuno, mlango wa kijani. Njoo saa yoyote."

Saa iliyoandikwa ilikuwa kumi na moja na dakika arobaini, alfajiri hiyo hiyo. Wakati huo Yasmini alikuwa kwenye mswala, hatua tatu kutoka mlango ule uliofungwa.

"Twahiru!" aliita.

Twahiru alikuja anafunga saruni. Akasoma, akarudia. "Audhubillahi! Dada, mama yetu tumemzika. Mimi mwenyewe nilishuka kaburini."

Zawadi aliketi chini palepale mlangoni. "Msinitanie, jamani. Nimengoja jibu lake tangu jana."

Hapo ndipo wote watatu walipousikia mlio mfupi kutoka chumba kilichofungwa. *Ting.* Wakatazamana. *Ting.*

"Hilo ni jini," Twahiru alinong'ona. "Limekaa na sauti ya mama."

"Jini gani linatumia bando lako?" Sauti ilitoka nje. Alikuwa Theresia, jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa, mfuko wa kazi begani. "Nyie watu wa pwani kwa majini!"

"Da Theresia, usicheke. Kwani nyie Wamakonde hamwogopi kitu?"

"Tunaogopa njaa. Na homa ya huyu mtoto. Mlete hapa."

Hakuiangalia simu. Alimshika mtoto, aliyeitwa Sabra. Alimfungua kiganja, akamvuta kope ya chini.

"Kiganja cheupe. Macho ya manjano. Homa tangu lini?"

"Tangu juzi," alisema Zawadi. "Nilitaka kumpeleka hospitali jana. Nikaambiwa ningoje."

"Mtoto mwenye selimundu akipata homa, hangojwi hata saa moja. Twahiru, bajaji! Mengine baadaye."

Wakaondoka. Yasmini alibaki peke yake na ule mlango. Alisoma dua zote alizozijua. Saa nne mlio ulisikika tena. Saa sita pia. Kila uliposikika alijiuliza: ni nani mwingine huko nje ameambiwa angoje?

Saa tisa alasiri Theresia alirudi na Twahiru. "Malaria, na damu ilikuwa imeshuka sana. Ametundikiwa chupa. Daktari anasema angelala nyumbani usiku mmoja zaidi, tungezungumza mengine. Sasa nifungulieni chumba."

"Arobaini bado siku tano," alisema Twahiru.

"Mimi Mkristo, siwezi kukufundisha dini yako. Muulizeni maalimu wenu."

Yasmini alimpigia Maalimu Asadi. Jibu lilikuwa fupi: "Hayo ya kufunga chumba ni mila yetu, mwanangu, si amri ya dini. Wagonjwa wengine wanangoja. Fungueni."

Chumba kilinukia udi wa siku ya msiba. Kanga zilikuwa zimekunjwa juu ya kitanda. Katikati ya giza lile, simu iliwaka yenyewe. *Ting.*

Yasmini aliijua namba ya siri. Alifungua, akahesabu kwa kidole. Tangu Bi Safina azikwe, wageni kumi na tisa, mbali na Zawadi, walikuwa wamemwandikia. Wote kumi na tisa walikaribishwa. Wote waliambiwa, *Nipo, ninakusoma.* Wote walieleza shida zao, na hapo ndipo maongezi yalipokoma.

"Bi Theresia, nani aliwajibu?"

"Ngoja." Theresia alitoa simu yake ya pili akaandika neno moja: *Hodi.* Kabla hajainua kidole, mama yao akajibu akiwa anacheka pichani. *Karibu mwanangu.*

Twahiru alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Usikimbie. Hii ni ile WhatsApp ya wafanyabiashara. Mwaka jana watu walizidi, mama yenu akachoka kumkaribisha kila mmoja. Akaandika ujumbe mara moja, simu ikawa inautuma yenyewe kwa kila mtu mpya. Yeye alikuwa anafuata nyuma, anajibu na kuwaingiza kundini. Wanakundi wanajua amefariki. Wapya hawajui. Namba yake imebandikwa zahanati nyingi."

"Kwa hiyo mama alikosea?" Yasmini aliuliza.

"Alikuwa na huruma. Lakini aliandika 'nipo' kwa mkono wa mashine, na mashine haijui kama upo. Na neno 'ngoja' halifai kuandikwa kwa mzazi wa mgonjwa."

Alimwonyesha Yasmini sehemu ya mipangilio, palipoandikwa ujumbe wa salamu. "Kwanza zima. Sasa waandikie hawa wote kwa mkono wako, mmoja mmoja. Wenye homa wapigie." Yasmini alipiga mpaka sauti ikakauka. Kumi na wanane walipatikana. Wa kumi na tisa simu yake ilikuwa imezimwa, na haijapatikana hadi leo.

Kisha wakaandika upya. Yasmini alianza: "Karibu, mimi Yasmini nipo..."

"Upo saa zote?"

"Hapana."

"Basi usiseme. Sema ukweli, kisha sema lile la kuokoa mtoto kabla ya mengine."

Walifuta na kuandika mara nne. Mwisho ulisomeka hivi:

"Karibu. Ujumbe huu unatumwa na simu yenyewe, si mtu. Kama mtoto ana homa, amepauka, anapumua kwa shida, tumbo limevimba au maumivu ni makali, usingoje jibu letu. Nenda hospitali sasa. Mengine, Yasmini au Theresia atakujibu kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Tuandikie jina lako na kijiji chako."

Wakabadilisha jina na picha. Theresia akajaribu kwa simu ya jirani mwingine, akausoma kwa sauti. Wakakubaliana kuukagua kila mwezi unapoandama, na namba ya siri iwe kwa watu wawili.

Jumapili ilikuwa arobaini. Zawadi alikuja kutoka Msimbati. Sabra hakubebwa, aliingia kwa miguu yake, akaomba halua. Wazazi watatu wa wale kumi na wanane walikuja pia. Maalimu Asadi alimaliza dua, watu wakaitikia amina.

Yasmini alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake, sasa uko wazi, simu mkononi.

"Mimi Yasmini binti Jafari naahidi mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu. Katika mlango huu mtu hatakaribishwa tena na asiyekuwepo. Nikisafiri, nitaandika nimesafiri. Nikiugua, nitamkabidhi mwenzangu. Na wewe, Twahiru, siku nikifa, zima salamu zangu kabla hujatafuta sanda. Sema mbele ya watu hawa."

Twahiru aliitazama simu. Ilikuwa kimya.

"Naahidi," alisema.