Kahawa Ndani ya Mgomba

Risasi ya kwanza ilitoka laini.

Sajini Mutalemwa aliigeuza chini ya kioo cha kukuzia, akaifuta, akaigeuza tena. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Risasi hukwaruzwa inapopita katika mtutu, na hakuna mitutu miwili inayokwaruza sawasawa. Ndivyo alivyofundishwa Dar es Salaam, na ndiyo kazi aliyopewa mwaka ule wa 1954 katika kituo kidogo cha polisi upande wa Kamuli. Lakini hii ilikuwa kama kokoto ya mtoni.

Mezani, ndani ya kiberiti chenye pamba, ilikuwamo risasi nyingine. Hiyo daktari aliitoa kifuani mwa Kashaija, mkulima wa kahawa aliyepigwa risasi jua likizama, akipita njia ya mlimani. Gosbert, mlinzi wa mgodi wa bati, alikuwa mahabusu kwa sababu mbili: aligombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba, na alikuwa na bunduki. Risasi zikifanana, atanyongwa. Zisipofanana, atarudi kwa watoto wake. Taarifa ilitakiwa Bukoba kwa lori la Jumamosi.

Mutalemwa alikuwa amemzika mkewe, Joviana, wakati wa Kwaresima. Tangu hapo alisali kila asubuhi kwamba mkono wake usimwue mtu kwa uongo.

"Afande, labda bunduki ya Gosbert huzinyoa risasi ndevu," alisema konstebo Yustus. "Ingekuwa ile ya kituo, iliyomkosa nguruwe wako bondeni, ningesema imezeeka."

"Nyamaza, upange migomba."

Walikuwa wakipiga risasi za bunduki ya Gosbert ndani ya migomba minne iliyolazwa ncha kwa ncha nyuma ya kituo. Mgomba ni laini, umejaa maji. Huikamata risasi bila kuiumiza. Yustus alisogeza wa kwanza, kisha akasimama, akatabasamu.

"Afande, nigawie na mimi. Unatafuna kahawa peke yako?"

"Sitafuni kitu."

Tabasamu la Yustus likaisha. Wote wawili walisikia. Ka. Ka. Meno yalikuwa yakivunja punje kavu za kahawa taratibu, kama mzee anayepumzika. Kisha ikaja harufu ya kahawa iliyochemshwa na majani, kama wanavyoitengeneza Wanyambo kwa wageni, na hapakuwa na moto wala chungu.

Sajini akapiga ishara ya msalaba. Akafyatua bunduki ya Gosbert mara ya pili, na ya tatu. Zote zikatoka laini. Alipoingiza vidole kutoa ile ya tatu, ndani ya mgomba kulikuwa na joto, joto la kinywa, na vidole vikarudi na risasi pamoja na ganda la kahawa lililotafunwa, limelowa mate.

"Yustus," alisema kwa sauti ndogo. "Migomba hii uliikata wapi?"

"Nilipewa na mama Dafroza, afande. Mjane wa marehemu. Aliniambia nichague popote, halafu akachagua yeye."

Wakamwita. Dafroza alikuja amefunga kitambaa cheusi, akasalimu, akakataa kiti.

"Ni ya shina tulilomzika mume wangu chini yake," alisema. "Nyinyi mnaiuliza bunduki. Mimi nikasema, muulizeni mwenyewe."

"Mama, sisi ni watu wa kanisa."

"Na yeye alibatizwa, bwana sajini. Lakini alikufa na kahawa mdomoni. Hajamaliza kuitafuna."

Mutalemwa angeweza kuandika kwamba migomba ilikuwa mibovu. Lakini alifundishwa kwamba ukishuku chombo, kijaribu kwa kitu kingine. Akamtuma Yustus alete bunduki ya kituo.

"Ya serikali, afande? Hiyo nani anaishuku?"

"Ilete."

Akalenga. Kutafuna kukakoma ghafla, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko sauti, kwa sababu ulikuwa ukimya wa mtu anayesikiliza, na alipovuta kifyatulio mgomba haukutoa mlio wa mgomba bali uliguna kama mtu aliyepigwa kifuani na asiyeamini, na maji yakachuruzika kutoka kwenye tundu yakatambaa ardhini, yakapita miguuni pa Yustus bila kuigusa, yakapita miguuni pa mjane bila kuigusa, yakafika kwenye buti za sajini na kusimama hapo.

Risasi ya nne ilikuwa na mikwaruzo. Mkwaruzo mpana, miwili myembamba, na mmoja uliopinda. Akafungua kiberiti. Mpana, miwili myembamba, na mmoja uliopinda.

Ndipo akaikumbuka vizuri jioni ile aliyokufa Kashaija. Nguruwe pori walikuwa wamevamia mahindi ya bondeni. Yeye alipiga risasi moja, akakosa, akaenda kula. Ng'ambo ya bonde ndiko ilikopita ile njia ya mlimani. Risasi ilimkosa nguruwe, haikumkosa mtu.

"Vipi, afande?" aliuliza Yustus.

Hapakuwa na mwingine pale aliyejua kuzisoma risasi. Angeweza kusema lolote. Ndani ya mahabusu Gosbert alikuwa akikohoa, na katika migomba mtu alikuwa amezuia pumzi.

Mutalemwa akakaa mezani, akaandika. Penye nafasi ya jina la aliyefyatua, akaandika jina lake. Kisha akavua mkanda, akamkabidhi Yustus funguo.

"Mfungulie Gosbert. Nifungie mimi."

Jumamosi lori likaja. Dafroza alikuwa barabarani na kikapu kidogo cha kahawa, kile cha kukaribishia wageni. Mutalemwa akapiga magoti.

"Sikumwona, mama. Naapa kwa Mungu sikumwona."

"Najua. Yeye pia hakukuona." Akamwekea kiganjani punje mbili. "Hizi ni za tunda moja, kama za kuchanjia undugu. Moja yako, moja yake. Safari ni ndefu."

Mutalemwa alipanda nyuma ya lori, akaketi peke yake juu ya magunia, Yustus akiwa mbele na dereva. Akatia punje moja mdomoni, nyingine akaishika. Ile ya mdomoni hakuthubutu kuitafuna. Lori likaondoka. Walipopita kilima cha kwanza akafungua kiganja, akakikuta kitupu.

Pembeni yake, juu ya magunia, taratibu, meno yakaanza kuvunja punje. Ka. Ka. Yakaendelea hivyo hadi Bukoba.