Sekunde Kumi na Mbili

Jumamosi asubuhi Kadii alikuwa akiosha vyombo nyuma ya jiko, na kila alipomaliza chombo kimoja alijipangusa mkono kwenye leso akaichungulia simu ya mamake. Wiki nzima alikuwa hana jingine. Video yao ya shuleni ilikuwa imetazamwa mara elfu mbili na mia tatu. Alipomaliza kusugua mwiko, watazamaji kumi na wanne walikuwa wameongezeka.

"Mama, mpaka watu wa Mariakani wanaitazama!"

"Na hiyo sufuria iliyoungua, nayo inatazamwa na nani?" mamake akauliza kutoka ndani.

Kadii akacheka, lakini kicheko hakikufika mwisho. Upande wa pili wa ua wa makuti, kwa jirani yao Gona, mtoto alipiga ukemi.

"Mayo wee! Mayo wee! Mguu!"

Kadii na mamake walifika huko wakitweta. Dena, mtoto wa Gona wa miaka sita, alikuwa ameketi kando ya lundo la kuni, ameushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili. Hatua chache kutoka hapo alilala nyoka mfupi, mnene kidogo, mwenye mabaka ya kahawia, kichwa kimepondwa. Gona bado alikuwa na fimbo mkononi. Mkono wa pili ulikuwa ukipapasa mfukoni.

"Tulieni," alisema, ingawa sauti yake mwenyewe haikuwa imetulia. "Nampiga picha. Natuma kwa ile nambari ya kwenye video ya Kadii."

Akatuma. Jibu lilikuja kabla hajajifuta jasho, naye akalisoma kwa sauti ili wote wasikie: "Huyu ni mla-mayai. Hana sumu."

Mama Dena aliketi chini kama mtu aliyekatwa miguu. "Asante Mungu wangu! Nilikuwa nimeshaona kaburi." Akamgeukia Kadii, akamshika mkono. "Hii ndiyo faida ya kusomesha watoto. Mmetuondolea hofu kubwa, mwanangu."

Kadii alitaka kutabasamu, midomo ikakataa. Kulikuwa na jambo alilolijua yeye peke yake uani pale.

Wiki mbili zilizopita, mtafiti kijana wa chuo kimoja mjini Kilifi, jina lake Zuleikha, alikuja shuleni kuwaeleza wanafunzi wa gredi ya nane kuhusu utafiti wa akili unde. Yeye na wenzake walikuwa wakiifunza kompyuta kuwatambua nyoka. Walikuwa wakiionyesha maelfu ya picha, hii ya huyu, hii ya yule, kama mtoto anavyofunzwa majina ya vitu. Mtu yeyote aliyeona nyoka angeweza kutuma picha kwa nambari yao, na kompyuta ingemjibu. Zuleikha aliwaomba watengeneze video fupi ili watu wa vijijini waufahamu utafiti huo. Kadii alipewa kazi ya kuihariri. Hakupenda kuonekana mbele ya kamera, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi.

Video ilitoka dakika moja na sekunde kumi na mbili.

"Ikipita dakika, watu wanaruka," Pola, rafiki yake, alimwambia. Simu ilikuwa ya Pola. "Mimi mwenyewe naruka zote ndefu. Toa hapo mwisho anapochosha."

Hapo mwisho palikuwa na Zuleikha akisema pole pole: "Kompyuta hii bado inajifunza. Katika picha mia moja, inakosea kumi na moja. Mtu aliyeumwa asingoje jibu lake. Apelekwe hospitali mara moja."

Kadii alisita. Kisha akabonyeza, na maneno yale yakatoweka kana kwamba hayakuwahi kusemwa. Video ikawa dakika moja kamili, na wote wawili wakagonganisha viganja kwa furaha.

"Unawaka, mama," Dena alilia sasa. "Mguu unawaka."

Mama Dena alikuwa akiupaka mafuta ya nazi. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeanza kufura, na ngozi yake ilikuwa iking'aa.

"Baba Dena," mamake Kadii alisema, "kwani tukimpeleka tu hospitali?"

"Mwendo wote ule hadi Malindi, kwa mla-mayai? Tutachekwa, shemeji. Hata ukiumwa na nyuki unafura."

Kadii aliutazama mguu. Aliona kwa macho yake uvimbe ukipanda, taratibu, kama maji yanavyopanda ndani ya mtungi. *Sema,* alijiambia. *Sema sasa.* Lakini akisema, watamuuliza amejuaje. Na akijibu, ile mikono iliyomshika kwa shukrani itakuwaje? Alihesabu pumzi zake. Alifika thelathini, akaanza tena.

"Mpelekeni," alisema. Hakuna aliyesikia. Akavuta pumzi. "Mpelekeni hospitali! Ile kompyuta inaweza kukosea!"

Gona akainua uso. "Nani kasema?"

Swali alilokuwa akiliogopa ndilo hilo. Kadii aliyaona macho yote manne ya wazazi wa Dena yakimngoja.

"Nili... nilisoma mahali," akasema. "Katika kitabu."

Gona angali akifikiri, Dena alijikunja akatapika. Hapo hapakuwa na mjadala tena. Gona alirukia pikipiki yake, mkewe akakaa nyuma, mtoto katikati yao, wakaondoka na vumbi lao kuelekea Malindi.

Siku ile ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Kadii aliwatilia mbuzi maji mara mbili kwa kusahau. Kila simu ya mamake ilipolia, aliikimbilia. Ililia mara ya kwanza, akawa mtu wa kanisani. Mara ya pili, mtu aliyekosea nambari. Saa nane mchana ililia mara ya tatu, na safari hii mamake alisikiliza kwa muda mrefu, kiganja kimeziba mdomo.

"Alikuwa moma," alisema alipomaliza. "Mtoto wa moma. Mdogo vile vile, ana sumu kama mkubwa. Dena amepewa dawa, lakini mguu bado wanauangalia. Daktari anasema wangechelewa zaidi..." Hakumalizia. Akamvuta Kadii kifuani. "Umeokoa mtoto wa watu, mwanangu."

Kadii alilia. Mamake alidhani ni furaha.

Kesho yake Pola alikuja mbio, habari zimeshamfikia. "Shujaa wetu! Tutengeneze video nyingine, nakuambia. Msichana amwokoa jirani!"

"Ifute ile ya kwanza," Kadii alisema.

"Umerukwa na akili? Elfu tatu sasa!"

"Pola, mtu mwingine akiumwa leo? Akingoja kama walivyongoja?"

Pola alitazama huku na huku, kisha akatoa simu, akabonyeza. "Haya, imekwisha. Sasa hakuna wa kujua tulikata nini. Na wewe nyamaza. Ukisema, tumekwisha sote wawili."

Kadii alidhani video ikifutwa hofu nayo ingepungua. Haikupungua. Darasani mwalimu alimsifu mbele ya wenzake, wakampigia makofi, naye akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kola. Walisema ana haya. Kila mtu aliyemsifu alikuwa kama anamwongezea mzigo kichwani, na alijua shingo haitauweza siku nyingi.

Alhamisi Dena alirudi nyumbani, mguu umefungwa bandeji mpaka gotini. Jioni, jua likiwa bado liko juu, Zuleikha alifika kumwona. Kadii na mamake walikuwa hapo tayari, wameleta uji.

"Shikamooni," Zuleikha alisema, akavua viatu mlangoni. Uso wake ulikuwa umesawajika. "Niliiona ile picha kwenye kompyuta yetu siku ya Jumatatu, nikajua ni moma. Sijalala vizuri tangu hapo."

Mama Dena hakuitikia. Alimtazama mgeni kutoka juu hadi chini.

"Wewe ndiye mwenye mashine," alisema. "Mlitudanganya. Mlituambia tutume picha, tukatuma, tukakaa tunampaka mtoto mafuta huku sumu inapanda. Sisi ni wa kujaribiwa, kama kuku?"

"Dada yangu, nilisema msingoje. Nilisema kwenye video kwamba..."

"Hukusema! Video nimeitazama mara kumi. Mume wangu ameitazama. Hukusema!"

Kadii aliona Zuleikha anavyojaribu kukumbuka, anavyojiuliza kama kweli alisema au alikusudia tu kusema. Macho yake yakaanza kulengwa na machozi. "Kama sikusema," alianza, "basi mimi..."

"Alisema!"

Kadii hakujua kama ni yeye aliyepaza sauti mpaka alipoona wote wamegeuka. Akashika mwimo wa mlango.

"Alisema mkimbie hospitali. Alisema inakosea mara kumi na moja katika mia. Mimi ndiye niliyekata. Video ilikuwa ndefu, nikakata. Na Jumamosi nilijua tangu mwanzo, nikanyamaza. Hakuna kitabu nilichosoma. Niliogopa."

Dena peke yake aliendelea kunywa uji. Mamake Kadii alikaa kama mtu aliyemwagiwa maji. Mama Dena aliinuka, akambeba mtoto, akaingia chumba cha ndani bila neno.

Nje, Zuleikha alichutama mbele ya Kadii. "Ulichofanya kimeniuma," alisema. "Lakini na mimi nina langu. Onyo lile halikupaswa kutegemea video. Lilipaswa kuwa ndani ya jibu lenyewe, kila mara. Kuanzia leo lipo, nimeliweka kwa mkono wangu. Jumapili nakuja turekodi upya. Safari hii utasema wewe."

"Siwezi, Dada. Mbele ya kamera siwezi."

"Nimekusikia sasa hivi ukiweza."

Siku tatu Mama Dena hakumsemesha. Walikutana bombani, akatazama pembeni. Walikutana njiani, akapita. Kadii alitamani atukanwe apumue.

Jumapili, Pola alishika simu, Zuleikha akasimama pembeni, Kadii akasimama mbele ya ua wa makuti. Alianza, akakwama. Akaanza tena, sauti ikakauka.

"Inakuwa ndefu," Pola alinong'ona. "Tutapita dakika."

Ndipo ua ulipotikisika na Mama Dena akatokea, kanga imefungwa kiunoni. Pola akashusha simu. Kadii alirudi nyuma hatua moja.

"Siku ile niliingia ndani kwa sababu ningefungua mdomo ningekutukana," Mama Dena alisema. "Nilikasirika, Kadii. Bado hasira haijaisha yote, sitakuficha."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja nimalize. Kilichoniuma zaidi si kwamba ulikosea. Ni kwamba ulitukadiria. Ulidhani sisi, ukituambia neno refu, tutakimbia. Mimi nimekaa siku tano kwenye benchi la hospitali nikimsikiliza daktari. Alisema ya kutisha na ya kutuliza, yote, na sikuchoka, kwa kuwa alikuwa akinizungumzia mwanangu." Alijikung'uta kanga, akaketi chini mbele ya Kadii, akakunja miguu kama mtu aliyekuja kukaa. "Ukiwa na jambo la kuwafaa watu, wape lote, na lile baya litangulie. Haya, sema. Nitasikiliza hata liwe refu namna gani."